Aliyekufa Kila Mwisho wa Mwezi

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Afisa wa Burudani wa kampuni ya chai aliniuliza kama ninaogopa giza. Nikasema siogopi. "Basi utaweza," akasema. "Hii kazi ni ya kukaa gizani ukiangalia wengine wakicheka." Ndivyo nilivyopanda gari la sinema, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikawa mwonyeshaji wa filamu katika kambi za wafanyakazi wa chai, kutoka Kericho hadi karibu na kwetu Merigi.

Nyinyi vijana wa simu, filamu kwenu ni kitu cha kubofya. Sisi tulibeba. Filamu ilikuwa utepe uliozungushwa kwenye gurudumu tuliloliita rili, na projekta iliupitisha mbele ya balbu kali. Tulifunga shuka jeupe kwenye milingoti ya goli, jenereta tukaiweka mbali ili isimeze sauti. Utepe ukikatika, uliuunga kwa wembe, gundi na subira, huku watu wakikupigia miluzi.

Waigizaji wengi tuliowaonyesha walikuwa wa zamani, wengine marehemu tayari. Lakini kipenzi cha kambi alikuwa Owuor, mtoto wa mchuma chai aliyekulia pale pale, aliyetoka kwenye michezo ya kanisani akawa mchekeshaji wa televisheni Nairobi. Tulikuwa na filamu yake moja ya mafunzo ya afya, tuliyoionyesha kila mwisho wa mwezi. Ndani yake ni mlevi anayekataa kuchemsha maji, na mwishowe anakufa. Watu hawakukubali. Walipaza sauti, "Mfufue!" nami niliirudisha rili nyuma taa ya projekta ikiwaka, Owuor akainuka kitandani, akayatema maji kikombeni, akaenda kinyumenyume hadi kilabuni. Kambi nzima ilivunjika mbavu.

"Unachoma balbu bure," Bwana Afisa alinikemea. Siku alipokuja kutazama mwenyewe, alicheka mpaka akashika nguzo. Hakunikemea tena.

Mtu mmoja tu hakuja kamwe, mama yake Owuor, yule mchuma chai. "Siwezi angalia kijana yangu akikufa," aliniambia, "hata kama ni ya uongo."

Kisha Owuor akaugua, akafa kweli. Walimzika kwao kwa asili, upande wa ziwa. Tuliporudi kambini na filamu ile, mama alikuwa amekaa mbele kabisa kwenye kigoda. Nilipachika rili. Niliogopa kumzikia mwanawe mara ya pili.

Owuor alipokata roho kwenye shuka, mzee mmoja akasema, "Mfufue, mama amuone."

Nilimwendea mama. "Mama, nirudishe?"

"Hapana. Huyo nimezika mwenyewe, kaburi nimeona. Usimvute nyumanyuma kama ng'ombe. Anza mwanzo. Nataka kuona vile anaingia."

Nikazima taa, nikaizungusha rili yote gizani. Hakuna aliyepiga mluzi.

Picha ikaanza. Owuor akatokea mlangoni, akavua kofia. "Habari zenu?"

"Mzuri, baba," mama akajibu kwa sauti. "Karibu."

Sasa nimestaafu, nachuma chai yangu mwenyewe, na nimeridhika. Magari ya sinema yameisha, na projekta yangu sijui iko wapi. Baada ya jioni ile watu waliendelea kuomba nimfufue Owuor. Sikumfufua tena. Nilianza mwanzo, na kambi nzima ikajifunza kumkaribisha.