Ulimi wa Binti Yangu

Binti yangu alifika miaka minne bila kuweza kusema "lala". Alisema "yaya". Kula ilikuwa "kuya", kulia ilikuwa "kuyia". Mwalimu wake hapa Kitale akaniambia nimpeleke hospitali akaangaliwe ulimi. Mama mkwe wangu, anayeishi Kabuchai, alikuwa na dawa yake. "Mrete hapa," aliniambia kwa simu. "Hiyo kamba chini ya urimi ni ya kukatwa tu na wembe."

Tangu siku hiyo sikumwamini.

Hospitalini, mtaalamu wa usemi alimwambia mtoto atoe ulimi, aupandishe, aupeleke huku na huku. "Uko sawa," akasema. "Sauti zingine huchelewa. Mkae mbele ya kioo, umwonyeshe ulimi unagusa wapi." Hakuandika dawa yoyote. Nilitoka nikimshuku naye pia.

Likizo ilipofika, mume wangu akampeleka mtoto Kabuchai akamwacha huko, mimi nikabaki dukani. Siku ya pili nikapiga simu, nikaambiwa mtoto amelala. Nikapiga tena saa nane mchana. "Bado amerara," mama mkwe akasema, akakata upesi. Mtoto wangu halali mchana. Kesho yake sikufungua duka. Nilienda bila kumwambia mtu.

Niliwakuta wawili hao wamekaa mlangoni pa jikoni na kioo. Mama mkwe alikuwa ameachama kinywa.

"Kukhu, uyimi juu," binti yangu alikuwa anamfundisha nyanya yake. "Sema yaya."

"Rara," nyanya akasema.

Siku nyingine ningecheka. Nilimvuta mtoto, nikamfungua kinywa, nikamulika chini ya ulimi kwa simu. Kamba ilikuwa nzima.

Mama mkwe alingoja mpaka nikamaliza. "Umeona iko?"

"Mama, si ulisema wembe?"

"Nirisema. Rakini bwana yako nirimkata hivyo akiwa mdogo, damu ikatoka mpaka nikajua amekufa. Ati nirudie kwa huyu? Jana arikuwa na homa kidogo. Nirinyamaza juu nirijua utakuja mbio."

Nilimwomba msamaha. Akasema "haya" tu, akaingia kuchemsha chai.

Kwa mtoto, sauti ya L ilikuja miezi michache baadaye. R bado tunaingoja. Lakini siku hizi mtoto akiwa Kabuchai, mama mkwe hunipigia yeye mwenyewe, na kabla hata ya salamu ananieleza mtoto amekula nini, yuko wapi na nani, kama mtu anayeandikisha taarifa polisi.