Picha Isiyo na Kichwa

Bi mdogo aliposhika mimba, mume wetu alimpeleka Kinondoni, kwenye zahanati ya mtu binafsi yenye mashine ya altrasaundi. Bi mdogo akarudi Temeke na picha, akaitembeza uani kama khanga mpya. "Bi mkubwa, hebu tazama kichwa hiki!" Mie nikaona wingu tu. Moyo ukanichoma. Mtoto wangu wa mwisho nilipasuliwa, nikabaki na uvimbe juu ya mshono, na hakuna aliyenipeleka kwenye mashine.

Uvimbe ule huumuka kila mwezi siku zangu zikifika. Naumwa hadi nashika ukuta. Mume akikatiza zamu ya mwenzangu kuja kunitazama, bi mdogo anasema kwa sauti: "Tumbo la watu lina kalenda! Linauma kwenye zamu yangu tu." Wifi yangu, aliyetuletea huyo mke, anacheka. Na mama mkwe ndiye aliyenikataza hospitali: "Utamvulia daktari nguo na damu hiyo? Ngoja ikatike, utwaharike." Nangoja. Nikifika, uvimbe umenywea, daktari anabonyeza, ananipa vidonge. "Ni uzi wa mshono, mama." Nawataja wote, na sijamsamehe hata mmoja.

Picha ile ndiyo iliyonitoa. "Na mie nataka mashine," nikamwambia mume.

"Kwani una mimba?"

"Sina. Nina haki. Umpacho yeye, nipe na mie."

Akaona haya. Tukaenda Kinondoni saa ileile, kabla hajageuza nia, nami nimo kwenye damu.

Daktari, mwanamke, alinipaka mafuta ya baridi, akapitisha kidude chake juu ya mshono. Kwa maumivu nikamdaka mkono.

"Huuma lini?"

"Siku zangu."

"Na leo?"

Nikaivuta khanga nijifunike.

"Sema tu, mama."

"Leo nimo."

Akanigeuzia kioo: doa jeusi, kingo hazijanyooka, kwenye nyama ya ukuta wa tumbo. Akasema nyama ya ndani ya mji wa mimba ilinasa hapo nilipopasuliwa, nayo huvuja damu kila mwezi, isipate pa kutokea. "Ungekuja umetwaharika, labda ningedhani kovu."

Nikarudi na picha yangu.

"Kichwa kiko wapi?" akauliza bi mdogo.

"Hakipo. Ndiyo hiyo kalenda yako."

Wifi akaacha kucheka.

Hospitali wakanipasua, wakaitoa nyama ile, kidonda kikapona. Siku zangu zikaja kimya. Mume akakaa kwa mwenzangu zamu nzima, hakukatiza hata mara moja. Mie nimelala mzima upande huu wa ukuta, nawasikia wakicheka.