Mjukuu Wangu na Kikapu cha Mkonge

Mjukuu wangu wa kike ana miaka saba, na mimi ndiye ninayemchukua shuleni saa tisa na nusu. Mama yake, binti yangu, ana duka la nguo hapa Voi mjini na hafungi mpaka saa kumi na mbili na nusu. Hizo saa za katikati ni zangu na mtoto. Shule mimi niliachia darasa la tatu, sina cha kumfundisha ila hadithi, na hadithi zangu nyingine si za mtoto.

Binti yangu akasema lazima mtoto apate kitu cha kufanya akitoka shule. Tukaanza na karate, ukumbi wa kanisa. Alivaa zile nguo nyeupe akapendeza kama padri mdogo. Mwalimu akamwambia ampige mwenzake teke. Mtoto akauliza, "Kwani amenifanya nini?" Mwalimu akamwita mtoto mwingine. Na mimi ujanani nimepigana sana, mara moja kwa sababu ya sufuria tu. Hatukurudi. Tukajaribu kinanda. Huko alilala juu ya vidole vyake, mdomo wazi, na mwalimu akaendelea na wengine polepole asimwamshe, Mungu ambariki.

Binti yangu akachoka. "Baba, huyu mtoto hamalizi kitu. Muhula ukiisha kama hajashika kitu kimoja, anaingia tuisheni kila siku mpaka jioni. Na asinililie."

Mtoto alikuwa anasikia. Kesho yake njiani akaniuliza, "Babu, tuisheni ina dirisha?"

Sasa, ploti ya pili kutoka kwetu anakaa mama mmoja wa Rukanga, kule chini ya mlima Kasigau, aliyeolewa huku. Kila alasiri yeye na wenzake wawili wanasuka vikapu vya mkonge hapo barazani kwake. Mtoto akawa ananiponyoka kwenda kuwatazama. Nikamkataza. Niseme ukweli: mimi nilitoka magharibi nikiwa kijana kuja kukata mkonge kwenye shamba kubwa, na nimeukata mpaka mgongo ukakubali kukunjika ukakataa kukunjuka. Kuna jamaa tulikuwa naye safu moja, aliimba kushinda redio. Mwiba ukamwingia jichoni. Alirudi kazini na jicho moja, na kuimba hakuacha. Lakini hiyo ni hadithi yake. Nilichotaka kusema ni kwamba niliapa hakuna wa damu yangu atakayegusa mkonge tena.

Yule mama akaniita siku nilipokwenda kumvuta mtoto mkono. "Mzee, wewe uliukata. Umewahi kuusokota?"

"Hapana."

"Basi unaujua nusu. Mwache mtoto."

Mwenzake akadakia, "Na mzee naye akae tumfundishe, si paja analo!" Wakacheka mpaka wakashikana. Maana uzi wa mkonge husokotwa kwa kiganja juu ya paja, na sijaona mwanamume akifanya. Nikamwacha mtoto, nikaondoka haraka.

Wiki ya kwanza paja lake lilikuwa jekundu. Nikampaka mafuta, nikangoja aseme basi. Hakusema. Akasokota uzi wake mwenyewe, akaanza kitako cha kikapu kidogo kama kikombe, akapanda mzunguko kwa mzunguko, mweusi na mwekundu. Mtoto aliyelala kwenye kinanda! Nilikuwa napeleka kiti changu pale nimtazame, na vile vidole vyake sikuwa najua ni vyepesi hivyo.

Ijumaa ya kufunga muhula binti yangu alifunga duka mapema, akapitia hapo barazani. Akakuta mtoto anafumua. Kikapu kilichokuwa kimefika nusu jana, leo kimebaki kitako na uzi umetapakaa chini.

"Umeona, Baba?" akaniambia. "Ameshaacha. Nilikwambia."

Hata mimi nilidhani hivyo.

"Sijaacha," mtoto akasema, kichwa chini. "Mzunguko wa nne nilikosea. Nyekundu imekaa mahali pa nyeusi."

Binti yangu akamgeukia yule mama. "Ni wewe umemwambia afumue?"

"Mimi? Kosa nililiona tangu juzi, nikanyamaza. Nilitaka kuona kama ana jicho." Akamwangalia mtoto vile watu huangalia mkubwa mwenzao. "Mimi nikiwa kama yeye ningelificha kwa ndani. Nimeficha mengi."

Binti yangu akasimama pale na mkoba begani. "Na utamaliza lini?"

"Sijui. Mama, shika hapa, uzi unanikimbia."

Akaweka mkoba chini kwenye vumbi, yeye asiyeweka kitu chini, akachuchumaa, akashika. Tuisheni hakuitaja siku hiyo. Muhula mpya umeanza, na bado hajaitaja.