Bibi Anavyohesabu Vidole

Kwetu Chanzuru bibi ni mke wako. Ndiyo utani wenyewe, nimezaliwa nimeukuta. Unamwita mke wangu, na yeye anakuuliza wewe ni mume gani, hata sukari huleti. Babu alipokuwa hai tuligombea huyo mke mmoja. Yeye alikuwa hana meno, mimi sina ndevu, kwa hiyo tulikuwa sare.

Babu alikuwa na vidole saba. Vitatu vya mkono wa kulia vilibaki kwenye mtambo wa kuchimba mafuta, enzi zile bomba linakazwa kwa mnyororo. Unaurusha, wenyewe unajizungusha kwenye bomba, mashine inauvuta, na wewe unatoa mkono upesi. Siku moja hakuwahi. Sisi wajukuu tulikua tukigombea nani amkatie tonge.

Basi kampuni ya kutafuta mafuta ilipokuja kuchimba upande wa Mikumi, nikapata kibarua cha kufunga mabomba. Bibi hakugomba. Alisema tu, "Nenda. Ila ukirudi, mikono kwanza, salamu baadaye."

Na bibi yangu salamu ndiyo kitu alichotuchapia kuliko vyote.

Kila baada ya wiki mbili nikawa napanda basi mpaka Kilosa, halafu bodaboda mpaka nyumbani. Namkuta mlangoni. Macho yake yana mtoto wa jicho, kwa hiyo anahesabu vidole vyangu kwa kushika, kimoja kimoja, anakibana kwenye kiungo kama anachagua maharage. Anahesabu kwa Kisagara, cha mwisho anakitaja kwa Kiswahili ili nisikie.

"Kumi. Haya, shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo, mke wangu."

"Marahaba, mume mikono mitupu."

Kazi ilichosha, nisidanganye. Mtambo ule ulikuwa wa zamani. Watu wawili mnaning'inia kwenye koleo la kubania bomba, kubwa kuliko nyinyi, tope linawamwagikia, kelele mpaka jino linauma. Kuna siku nilisinzia na kijiko mdomoni, mpishi akadhani chakula kimenishinda.

Safari moja nikarudi hoi, nikasema leo angalau tucheke. Nikakunja kidole cha pete, nikakizungushia kitambaa. Bibi akahesabu mpaka akafika kwenye kitambaa. Akasimama. Akaanza upya, akafika palepale. Mara ya tatu akakipapasa kitambaa, akitafuta kidole chini yake.

Nikafungua haraka. "Mke wangu, kimerudi hiki hapa."

Akaniachia mikono. "Babu yako naye alikuja na kitambaa," akasema, akaingia ndani.

Utani ukaishia hapo. Safari mbili zilizofuata nilitoa shikamoo, nikapewa marahaba kavu. Mikono nikainyoosha, hakuishika. Usicheze na ukimya wa mwanamke aliyekulea.

Halafu ukaja mtambo mpya, malori kwa malori. Ule una mkono wa chuma. Unanyanyua bomba wenyewe, unalisimamisha, unalikaza, unafuata lingine. Fundi mmoja amekaa kwenye chumba cha vioo, kiyoyozi kinampuliza, anachezesha kijiti kidogo huku anaangalia skrini. Sisi tukachorewa mstari mwekundu. Mtu akivuka, mtambo unazima.

"Sasa sisi tunafanya nini?" nikamuuliza msimamizi.

"Mnaangalia."

Tukaangalia siku nne. Ya tano yakasomwa majina, langu likiwemo. Nikaondoka na glavu mpya ambazo sikuwahi kuzichafua.

Bibi alinisikia kwa hatua. "Mbona mapema?"

"Shikamoo, bibi. Kazi imeisha. Wameleta mkono wa chuma."

"Marahaba. Na mnyororo anarusha nani?"

"Hamna mnyororo."

"Bomba linashikwa na nani?"

"Hakuna mtu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, bibi."

Mimi nimeegemea ukuta, sijui nimwonee huruma nani, yeye, babu au mimi.

"Umechelewa huo mkono," bibi akasema. Kisha, "Lete."

Nikakaa chini mbele yake. Akaanza na kidole gumba cha kushoto, polepole kuliko siku zote. Kwenye cha saba alisita kidogo. Mimi nilikuwa nimeshaanza kusinzia, kichwa kimelalia goti lake, nikasikia akiendelea.

"Kumi," akasema. "Kumi vyote, na sukari hakuna. Mume gani wewe."

"Nimechoka, mke wangu."

"Kesho vinashika jembe."

"Jembe nalo si wangeliwekea mkono wa chuma."

"Lina wa kwako. Lala."