Zizi la Mawe Meusi

Baba alipotugawia ardhi pale Kemambo, mimi nilichagua upande wenye mawe meupe. Enzi zile za dhahabu kila mtu alikimbilia mawe meupe, na kwa kuwa nilifika kidato cha nne nilijiona najua kuliko kaka yangu. Yeye alibaki na mawe meusi, ambayo wachimbaji walikuwa wanayatupa. Hakulalamika. Aliyaokota akajengea zizi, nyumba zake akazipanga kulizunguka, kama ilivyo kwetu Wakurya.

Nilichimba miaka mingi. Nilipata mashimo.

Kisha wakaja watu na mtambo wa kuchoronga, ule wa kutoboa mwamba. Waliyapita mashimo yangu bila kusimama, wakaenda moja kwa moja kwenye zizi la kaka. Walivunja kipande cha ukuta kwa nyundo, wakakilamba, wakakitazama kwa kioo cha kukuzia. Nilisimama pale, sielewi. Ukuta ule nilikuwa nimeuegemea mara ngapi?

Kaka na mkewe walikuwa wamepeleka ng'ombe Nyansurura, kwa sababu ya ukame. Wageni wakauliza mwenye eneo ni nani. Nikasema ni mimi. Sikuona kwamba naiba. Zizi lilikuwa tupu, na zizi tupu nililiona ni mawe tu. Nikasaini karatasi za Kiingereza nilizozielewa nusu.

Kaka aliporudi na mifugo alikuta lango limebomolewa, mtambo umesimama pale walipokuwa wanalala ng'ombe. Kwenye masanduku walikuwa wamepanga vipande vya mwamba, virefu na vya mviringo kama mihogo.

"Wanatafuta nini?"

"Sijui, kaka. Labda dhahabu."

"Labda? Umesaini mji wangu kwa labda? Mura, kumbe shule ulikuwa unafuata uji!"

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aligeuza ng'ombe palepale, akahamia Nyansurura moja kwa moja. Wenye mtambo nao waliondoka baada ya miezi michache bila kusema wameona nini. Waliacha bomba lililozibwa kwa saruji katikati ya zizi.

Mwaka huu wamekuja wengine, vijana wenye ramani. Wanasema mwamba ule mweusi ulidharauliwa bure, wanataka kuuchoronga upya. Safari hii nilichukua karatasi zao, nikapanda basi hadi Mugumu, nikafika Nyansurura. Kaka amezeeka kuliko nilivyotegemea. Aliziangalia karatasi bila kuzigusa.

"Saini wewe, umezoea," akasema. Kisha akamgeukia mkewe: "Mama, mpe uji huyu, katoka shule."

Nilikunywa, nisijue kama nimesamehewa au nachekwa. Nilipomaliza akauliza taratibu:

"Lile lango, ulilijenga?"

Miaka yote hiyo mawe yake yamelala chini, nami napita juu yake kwenda kisimani. Haikuwahi kunijia akilini kurudisha hata moja.

Karatasi bado ninazo, hazijasainiwa. Vijana wa ramani wananiuliza kwa nini mzee kama mimi, mwenye mgongo mbovu, nashinda zizini nikipanga mawe langoni.