Mtungi Uliosubiri Mashua

Juzi nilikuwa Busanza, hapa Kigali, kwa kaka yangu, kumtazama mtoto wao mchanga. Wifi yangu, yaani mke wa kaka, amekulia Tanzania, na ukarimu wake hauna breki: hujaketi sawasawa, sinia limeshafika. Siku hiyo alileta soda. Chupa zote alikuwa amezifungua jikoni ili wageni wasingojeshwe. Mzee mmoja wa ukoo, aliyeketi karibu nami, aliitazama chupa yake, akaisukuma pembeni kwa kidole kimoja.

"Mimi nimeshiba, mwanangu," akasema.

Na shangazi aliyemfuatia naye akashiba ghafla. Wifi akabaki amesimama na sinia lake, anatabasamu, hajui amekosa nini.

Huku kwetu, rafiki yangu, chupa hufunguliwa mbele ya macho ya mnywaji, na pombe ya mtungi huonjwa kwanza na mwenyeji, ili mgeni ajue hakuna sumu. Usipoonja, hakuna atakayekugombeza. Watu watashiba tu. Nilipomwona wifi pale, masikio yaliniwaka moto, na aibu niliyodhani imekufa zamani ikafufuka. Nikamkumbuka Bibi na mtungi wake, na ile siku mashua zilipokuja mpaka kwenye bandari ya zamani, chini ya kilima chetu.

Haya, cheka. Bandari, Kigali! Lakini sisi tuliiita hivyo. Tulikaa Kagarama, na ukiteremka bondeni, ukapita mashamba ya viazi vitamu na mihogo, ulifika kwenye mawe makubwa yaliyopangwa na watu wa kale, yenye mashimo ya kufungia kamba. Bibi alisema katika usichana wake mitumbwi ilitoka mto Nyabarongo ikaja mpaka pale, ikiwa na vyungu, mikeka na samaki. Mama yake alikuwa akiwauzia mabaharia wale pombe ya mtama. Baadaye ikaja barabara na daraja, mitumbwi ikaacha kuja, mafunjo yakaota yakafunga njia. Mimi nilipozaliwa, mawe yale yalikuwa ya kuanikia nguo tu, na vyura walipiga kelele mle ndani kama wana kesi.

Mwaka wa tisini na moja, kiongozi wa sekta, yaani eneo letu la utawala, ambaye sisi tulimwita konseye, akatutangazia kwamba utachimbwa mfereji kutoka mtoni mpaka kwenye mawe. Vita ilikuwa imeanza kaskazini, magari yalikuwa haba, na wakulima wa ng'ambo ya mto walikosa njia ya kuleta chakula mjini. Basi kila Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kijiji, watu waliteremka na majembe na mapanga. Walifyeka mafunjo, wakachimba tope jeusi linalonuka mayai viza. Sisi watoto tulipeleka viazi vya kuchemsha na maharagwe kwenye majani ya mgomba. Mwalimu wetu alikunja suruali mpaka magotini, na tulipoona miguu yake myembamba tulicheka mpaka tukakaa chini. Jirani yetu, mama mnene mwenye sauti ya tarumbeta, aliimbisha wachimbaji. Nakuambia, sijaona tena watu wa kilima kile wakicheka pamoja namna ile.

Aliyefurahi kuliko wote ni Bibi. Babu alikuwa ameshafariki, baba alikuwa dereva wa malori anayeonekana nyumbani kama mvua ya kiangazi, na Bibi alinilea kwa pombe yake ya mtama. Ilinunuliwa na majirani, jioni baada ya jioni, lakini yeye alitaka mashua. Alijua kanuni ya watu wa majini: kamba hufungwa pale nahodha alipokaribishwa kinywaji cha kwanza, na hapo ndipo mizigo itashushwa siku zote. Na kulikuwa na mshindani. Kwenye kona ya chini ya mfereji palikuwa na tanuri la matofali, na mwenye tanuri naye alikuwa ameshaweka mbao za kufungia kamba.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Bibi alikuwa akisema kila akipiga mchi. "Watakunywa kwangu. Utaona."

Sasa sikiliza kosa lake, maana ni kosa la mtu mwema. Kwaresma ilipoingia, Bibi aliweka nadhiri kanisani: pombe haitagusa mdomo wake mpaka Pasaka, ili Mungu afungue mfereji. Kwa mpishi wa pombe hiyo si nadhiri ndogo. Alikuwa akijua kama imeiva kwa kunusa na kwa kusikiliza mtungi, sikio limebandikwa ubavuni. Ufunguzi ulipangwa baada ya Pasaka, kwa hiyo hesabu yake ilikuwa imekaa sawa.

Mvua ndiyo iliyoharibu. Masika yale yaliwahi. Mto ulijaa, ukasukuma maji mferejini wenyewe, na Jumamosi moja asubuhi, Pasaka bado, mtoto mmoja alipanda kilima anapiga kelele: "Zinakuja! Mashua zinakuja!"

Mama yangu wee! Kilima kizima kiliteremka. Mwalimu alitupanga tuimbe, konseye alivaa koti lililobana, jirani alipiga vigelegele kabla hata hajaona kitu. Bibi alibebesha watu mtungi wake mkubwa, ule wenye shingo ndefu, akauvisha kata mpya ya majani ya mgomba, akasimama juu ya mawe ya mama yake. Alikuwa amevaa kitenge cha harusi za watu. Mimi nilishika mirija, nimejaa kiburi mpaka kooni.

Mtumbwi wa kwanza ulikuwa mrefu, una mashine nyuma, umesheheni mihogo na ndizi. Nahodha alikuwa mtu mzima, mkavu, kofia mkononi. Vijana wake walikuwa na macho mekundu na wananuka pombe ya ndizi tangu mbali. Alikanyaga jiwe, akasalimia kwa heshima. Bibi akachota pombe kwa kibuyu, akachomeka mrija, akampa kwa mikono miwili.

Nahodha hakupokea. Alisubiri. Bibi naye akasubiri. Nyimbo zikafifia, nikasikia vyura.

"Karibu, unywe," Bibi akasema.

"Asante, mama. Wewe kwanza."

Hapo ndipo nilipomwona Bibi akikumbuka. Uso wake ulibadilika kama mtu aliyefika sokoni akakuta ameacha mlango wazi.

"Mimi niko na nadhiri," akasema. "Ya Kwaresma. Siwezi kugusa mpaka Pasaka. Lakini pombe ni nzuri, waulize hawa wote."

Miaka ile, rafiki yangu, redio ilikuwa imeanza kutufundisha kuogopana. Mtu alikohoa, ukauliza kanywea wapi. Nahodha alitutazama mmoja mmoja. Alimtazama konseye, na konseye akaanza kukung'uta koti lake. Alimtazama mwalimu, na mwalimu akageuka kutupanga upya, kana kwamba tulikuwa tumevunja mstari. Alimtazama jirani, aliyekunywa kwenye mtungi ule kila Jumapili baada ya misa na mara nyingine kabla ya misa. Jirani alitazama miguu yake. Hakukuwa na mtu mzima pale ambaye hakuijua pombe ya Bibi. Lakini kuonja pombe ya mwenzio mbele ya watu ni kumdhamini, na siku zile kudhaminiana kulikuwa kumeanza kuwa na bei.

Nahodha akavaa kofia yake.

"Basi, mama, sisi pia iko na Kwaresma," akasema kwa upole.

Vijana wake, na macho yao mekundu, wakacheka chinichini. Hata sisi watoto tulielewa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na mirija yangu yote. Kamba ikavutwa, mashine ikanguruma, mtumbwi ukageuka taratibu kuelekea kwenye tanuri la matofali, na mingine ikaufuata.

Hapo Bibi akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nafumba macho. Alitupa mrija, akainua kibuyu kwa mikono miwili, akanywa chote, pombe ikimtiririka kifuani juu ya kitenge.

"Nimekunywa!" akapiga kelele. "Tazameni! Nimekunywa! Rudini!"

Mashine ilikuwa na kelele. Sidhani kama walisikia. Akachota tena, akanywa tena, anakohoa, anatokwa na machozi, na watu wakaanza kuondoka kimya kimya, mmoja mmoja, wakipitia pembeni ili wasikutane na macho yake. Jirani peke yake alibaki, akamshika kiwiko.

"Mama, acha sasa. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Wewe si ungekunywa?" Bibi akamuuliza. Hakumuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Nilimwona jirani akilia.

Kwa hiyo Bibi alikosa mashua, na nadhiri ikavunjika. Pasaka ilipofika alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, na watu walipopanga mstari wa kukomunika yeye alibaki ameketi, rozari mkononi. Nilikaa naye. Kila aliyepita alijifanya anatafuta kitu sakafuni. Nilikuwa na aibu kwa ajili yake, halafu nikawa na aibu kwa ajili yao, na sikujua ipi ilikuwa nzito.

Mashua ziliendelea kuja, kwenye tanuri. Jioni tulisikia mashine zao na harufu ya samaki wa kuchoma ikapanda mpaka kwetu. Bibi aliendelea kupika pombe kidogo kidogo, na siku zote alionja kwanza, hata akimpa mtoto wa nyumbani uji. Alionja uji, alionja maharagwe, alionja maji. Aliniudhi sana.

Ya mwaka wa tisini na nne sitakusimulia. Unayajua, na mto ule unayajua kuliko sisi. Bibi hakuuvuka mwaka ule. Jirani pia hakuuvuka, wala mwalimu na miguu yake myembamba. Waliosalia hawakutaka hata kuutazama mto, sembuse kupanda mtumbwi. Mafunjo yakarudi, mfereji ukafunga. Mwaka jana nilishuka kutafuta mawe ya bandari, nikapata moja tu, lenye shimo lake la kamba, katikati ya shamba la mboga la mtu. Kijana aliyekuwa akimwagilia maji aliniambia ni jiwe la kufungia mbuzi.

Zamani nilikuwa namchukia yule nahodha. Siku hizi simchukii. Alikuwa mgeni, na mgeni ana haki ya kungoja aonjewe. Kinachoniuma ni lile gati lililojaa watu wa kwetu, waliokula na kunywa kwa Bibi miaka yote, na ilikuwa inatosha mmoja, mmoja tu, anyooshe mkono achukue kibuyu. Tulikuwa tumechimba bonde zima pamoja, tukashindwa kunywa funda moja. Nikiyawaza yaliyokuja baadaye, huwa naanzia pale kwenye mawe.

Basi pale Busanza, wifi bado amesimama na sinia, tabasamu limeanza kumtetemeka mdomoni. Mzee anatazama dirisha. Nikainuka, nikaichukua soda ya mzee, ile ile aliyoisukuma, nikainywa mbele yao wote mpaka nusu, polepole, kisha nikaiweka tena mbele yake. Mzee akanitazama, akaitazama chupa. Akakohoa kidogo, akainyanyua, akanywa. Shangazi naye akakumbuka kwamba hakuwa ameshiba sana.

Baadaye jikoni wifi akanivuta mkono.

"Wifi, pale kulikuwa na nini?"

"Hakuna kitu," nikamwambia. "Nilikuwa na kiu ya siku nyingi."