Mkono Mmoja wa Laka

Pale karakana tulimwita Mama Kioo, na sidhani kama kuna aliyekumbuka jina alilokuja nalo. Kazi yake ilikuwa ya mwisho. Sisi maseremala tukishapiga randa na kuunga, kabati au kitanda kinahamia chumba chake cha nyuma, chenye feni ukutani na harufu ya thina inayopasua kichwa. Huko alikipiga msasa, akakipaka sila ya kuziba vitundu vya mbao, akakipulizia laka, na kikitoka ungeweza kujitazama na kuchana nywele. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini ulimi wake ukiamka ulikuwa na makali. Mwenzetu mmoja aliwahi kumpelekea meza yenye nyufa zilizojazwa gundi na unga wa mbao, akidhani laka itamfichia. Mama Kioo aliirudisha. "Mimi ni fundi wa kung'arisha," alisema, "si wa kuzika."

Haya ninayoyasimulia alinieleza mwenyewe, kidogo kidogo, tukisubiri rangi ikauke.

Mumewe tulimwita Solo, kwa sababu tangu ujana alipiga gitaa la solo kwenye bendi. Alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye vidole ambavyo wanawake walivitazama kabla ya uso. Miaka yote alipigia magitaa ya bendi. Umri ulipoanza kumtupa mkono akaagiza gitaa la umeme la kuunga mwenyewe. Likaja kwenye boksi likiwa vipande: mwili wa mbao nyeupe usiopakwa kitu, shingo kando, nyaya, vifundo vya sauti na mfuko wa skrubu. Alilitandaza juu ya meza ya kulia kama mtoto mwenye vitu vya kuchezea, na wiki ile walikula chakula kwenye mkeka.

Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimeshaanza kumsaliti. Kilichelewa kwenye uzi, halafu kikawa hakifiki kabisa. Wenzake wakamtania kwamba uzee umebisha hodi. Daktari hakutania. Alimwambia, mkewe akiwa pembeni, kwamba neva zinazoamrisha misuli zinakufa. Zimeanzia mikononi, zitafika miguuni, mwisho zitafika kifuani, na hakuna dawa ya kuzirudisha.

"Kwa hiyo nikazane nimalize gitaa," Solo alisema.



Jioni moja Mama Kioo alirudi kutoka kazini akamkuta ameupakata ule mwili wa gitaa, anausugua. Vidole vilikuwa vimekataa kuushika msasa, kwa hiyo aliusukuma kwa kiganja, na kila uliposerereka kifundo cha mkono kilikwaruza mbao. Pembeni palikuwa na alama za damu.

"Lete," alimwambia. "Hiyo kazi yangu."

"Hili ni gitaa, si kabati."

"Ni mbao."

Ndivyo lilivyohamia kwake. Alilipaka kwenye kibaraza cha nyuma, jioni na siku za mapumziko, Solo akiwa kwenye kiti akitoa maagizo. Alitaka rangi ya asali katikati, ikolee kidogo kidogo kuelekea ukingoni mpaka iwe nyeusi. Mama Kioo hakuwahi kupaka kitu cha namna hiyo. Alijaribu kwenye vipande vya mbao mpaka akaipata, na ilipotokea, Solo akasema, "Haya, sasa umenioa upya." Mama Kioo alinisimulia hilo akiwa amenigeuzia mgongo.

Baada ya rangi ikafuata laka. Mafundi tunahesabu mikono: mkono wa kwanza, wa pili, unaacha ikauke, unasugua kwa msasa wa maji, unarudia. Kwa kitu kidogo kama gitaa alikuwa na hakika mikono minne inatosha. Alilisugua, akalipitisha polishi, akamwekea Solo mbele ya uso.

"Bado," Solo alisema. "Pale kiunoni pana wimbi."

Mama Kioo aliligeuza kwenye mwanga. Hakuona wimbi. Lakini mwenye gitaa ni yeye, akalisugua, akapuliza tena. Safari iliyofuata Solo akasema laka imekaa kama ganda la chungwa. Iliyofuata tena mvua ilinyesha, laka ikapata ukungu mweupe, na hapo kweli hapakuwa na ubishi. Lakini ukungu ulipotoka, Solo akaona vumbi. Vumbi lilipotoka, akaona upande mmoja una kina kuliko mwingine. "Mkono mmoja tu," alikuwa akisema. "Mmoja, basi."

Huku nyuma mwili wake ulikuwa unaondoka. Kwanza akaacha kujifunga vifungo, kisha kushika kijiko. Miguu ikafuata, ikabidi abebwe kutoka kitandani hadi kiti na kutoka kiti hadi chooni. Maji yalimpalia. Mate yalimtoka bila yeye kutaka, na akaanza kuburuta maneno kama mtu mwenye jiwe mdomoni. Mama Kioo alimwogesha asubuhi, akaja kazini, akavuta thina mchana kutwa, akarudi kumlisha, kisha akavaa kinyago chake na kupuliza mkono mwingine. Siku moja nilimkuta amelala juu ya mafungu ya mbao, kitambaa cha polishi kikiwa mkononi. Nilimwambia aombe ruhusa apumzike. Akaniuliza akipumzika atakwenda wapi.

Mwishowe aliona gitaa limefika. Hakumwuliza mumewe, alimwita shemeji yake, mdogo wake Solo, mpiga besi wa bendi ile ile, aje kulifunga. Shemeji alikuja na bisibisi zake, akakaa kibarazani, akachukua shingo na kuitia kwenye ile nafasi iliyochongwa ndani ya mwili. Haikuingia. Akaigeuza, akaijaribu tena. Akapitisha kidole ndani ya ile nafasi.

"Shemeji, hapa ulipaka laka?"

"Nimepaka kote. Kitu kinapakwa kote."

"Hapa huwa panazibwa kwa karatasi ya gundi kabla ya rangi. Panatakiwa pabaki mbao tupu, shingo ipate kukaa. Kaka hakukwambia?"

Mama Kioo alimgeukia mumewe.

"Maana yeye ndiye aliyenifundisha mimi mambo haya," shemeji alisema, na kabla hajafika mwisho wa sentensi akawa ameshaelewa anachokisema. Aliweka shingo chini, akasema anatoka kidogo kupunga hewa.

Wakabaki wawili. Solo alikuwa anatazama nguo kwenye kamba.

"Uliniona napuliza mle ndani," mkewe alisema.

"Nilikuona."

"Kila mara."

"Kila mara."

"Kwa nini?"

Ilimchukua muda kuyapanga maneno. "Likiisha mtaniwekea mapajani. Mtafunga nyuzi, mtachomeka kwenye spika, halafu mtanitazama. Nifanye nini?"

"Ungeniambia niache. Mgongo wangu haunyooki. Nakohoa kama wewe. Ungesema tu acha."

"Ungeacha, ungekuja kukaa na mimi tuzungumze nini?" Alimeza mate kwa shida. "Mkojo? Dawa? Kwenye laka tulikuwa na la kusema."

Mama Kioo aliniambia kwamba hapo watu wangetegemea amkumbatie. Hakumkumbatia. Aliingia ndani akafua mashuka ambayo hayakuwa machafu. Hasira ilimkaa siku kadhaa. Alimwogesha na kumlisha bila neno, na Solo hakuomba msamaha. Alikula alichopewa na kufumba macho.

Aliyevunja ukimya ni Solo. "Chonga pale pa shingo," alisema asubuhi moja. "Nataka kulisikia kabla masikio nayo hayajakataa."

Akaazima patasi yangu nyembamba. Nilimwonya kwamba laka nene namna ile haichongeki, inavunjika. Alijua kuliko mimi. Alikwangua taratibu, na alipokaribia mwisho kipande kikubwa kama kiganja cha mtoto kilibanduka usoni pa gitaa pamoja na rangi yake, mbao nyeupe ikabaki wazi. Kazi yote ile. Alikaa akilitazama lile pengo na patasi mkononi.

Solo akaanza kucheka. Alicheka mpaka kicheko kikamkaba, uso ukaiva, ikabidi mkewe atupe patasi, amwinamishe na kumpiga mgongoni hadi pumzi ikarudi. Kwa dakika ile, aliniambia, alidhani amemwua kwa gitaa.

Shemeji alilifunga siku ya mapumziko. Alitaka kumpakatisha kaka yake, Solo akasema hapana, shika wewe. Mpiga besi akishika gitaa la solo ni kama mtu mwenye viatu vya kuazima. Alipiga kwa kusitasita, na Solo, macho ameyafumba, akamwambia uzi wa tatu umepanda, ashushe. Kisha akamwambia anakimbiza mapigo. Kisha akamwambia arudie. Alimshikilia hivyo mchana wote bila huruma, mpaka ncha za vidole vya shemeji zikavimba.

Baada ya hapo shemeji akawa anakuja kila wiki. Solo alimfundisha kwa mdomo vipande vya nyimbo za bendi alivyokuwa akivipiga, akiimba noti kwa sauti iliyozidi kupotea. Sauti ilipokwisha alimfundisha kwa macho: akikosea, Solo anafumba, akipata, anayaacha wazi. Mama Kioo alikaa nao akimfuta mate, na hakukuwa na mazungumzo.

Solo alikufa siku ya kazi. Jirani aliyekuwa akimwangalia alituma habari, na Mama Kioo akaacha kabati limepulizwa upande mmoja. Alifika nyumbani kinyago bado kikining'inia shingoni. Laka ilikuwa imemgandia mikononi, na waliokuwepo wakamwomba asimguse marehemu kabla ya kunawa. Akaenda kunawa. Laka haitoki kwa maji.

Gitaa alimpa shemeji. Shemeji alipouliza kama amletee azibe lile pengo usoni, Mama Kioo alimjibu kwamba hapaki tena kitu kile, na asimpe mtu mwingine akipake.

Alikwenda kuisikiliza bendi mara moja tu. Alisimama karibu na mlango, bado na nguo za kazi. Shemeji alipiga vizuri kuliko alivyotarajia. Lakini katika wimbo mmoja, katikati ya solo, alinyamaza ghafla, tarumbeta ikajaza, kisha akaendelea. Wakati wa mapumziko alimfuata Mama Kioo na kumwelezea kwamba sehemu ile kaka hakuwahi kumalizia kumfundisha.

"Nitaibuni mwenyewe siku moja," alisema.

"Utaibuni," Mama Kioo alimjibu.

Hakusubiri awamu ya pili. Kesho yake palikuwa na kitanda cha kupeleka, na mkono wa mwisho ulikuwa bado haujapigwa.